Bustani Yetu Inapendeza Lakini Hainukii

Kabla hujafungua ukurasa mwingine kutafuta vichekesho na mafumbo, nakuomba unipe dakika chache tu. Nina hoja. Hoja yenyewe ni kwamba katika shule zetu na hata majumbani mwetu tumezoea kupanda mimea ya kutazamwa, ilhali tumeitupa mimea ambayo majani yake yananukia. Kwa kufanya hivyo tumepoteza faida, tumepoteza ujuzi wa wazee wetu na tumepoteza hata starehe ya bure. Kile kipande cha ardhi kilichoko nyuma ya maktaba kitageuzwa kuwa bustani mvua za masika zitakapoanza. Kabla jembe halijagusa udongo, ni vizuri tuulizane: tutapanda nini pale?

Ukizitembelea shule nyingi hapa nchini utaona mambo yale yale. Mawe yamepakwa chokaa kandokando ya njia. Kayaba imepogolewa ikalingana kama nywele za askari. Bogainvilia iko langoni, na karibu na ofisi ya mwalimu mkuu kuna vitalu vya maua mekundu na ya manjano. Simlaumu mtu. Macho nayo yana haki yake, na mgeni akifika ni lazima aone kwamba hapa wanakaa watu wenye utaratibu. Lakini hebu inama kidogo unuse. Hakuna kitu! Na kumbuka maua hayo hayo ndiyo tunayoyabebea maji kwa mitungi ya lita tano mwezi wa Januari na Februari, jua likiwa kali na mfereji umekauka. Tunatoka jasho kwa ajili ya kitu ambacho baada ya wiki tatu kinanyauka na kufagiliwa. Wahenga hawakukosea waliposema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tuna sababu moja zaidi ya kulifikiria jambo hili. Lugha yetu imezitenga harufu kwa makini sana. Kitu kibaya hunuka, kitu kizuri hunukia. Silabi moja tu imeongezwa, na maana imegeuka kabisa. Ukimwambia mtu "unanuka" mtapigana. Ukimwambia "unanukia" atatabasamu kutwa nzima. Tunalo shombo la samaki, tunacho kikwapa, tunao uvundo. Halafu tuna manukato, marashi, udi na ubani. Watu walioitengeneza lugha ya namna hii walikuwa watu wenye pua zilizo macho. Kule pwani, Mombasa na Lamu, mrehani haukupandwa uani kwa bahati mbaya. Akina mama waliuchuma, wakauchanganya na asumini na mkadi, wakafunga kishada kidogo kiitwacho kikuba, wakakivaa au kukichomeka nyweleni siku ya harusi na siku nyinginezo za furaha. Leo ukimuuliza mwanafunzi wa sekondari maana ya kikuba, atakukodolea macho. Neno linakufa kwa sababu mmea haupo. Mtoto hawezi kukumbuka jina la kitu ambacho hajawahi kukishika wala kukinusa.

Kwani jani hunukia kwa nini? Tumezoea kwamba ua ndilo lenye kazi ya kunukia. Ua hunukia ili liwaite nyuki na vipepeo waje kuchukua chavua. Jani halina haja na nyuki. Jani hunukia kwa sababu ya kujilinda. Juu ya jani la mrehani au la mnanaa kuna vifuko vidogo sana vya mafuta mepesi, vingine havionekani kwa macho matupu. Mdudu akilitafuna, au mbuzi akiling'ata, vifuko hupasuka, mafuta hugeuka mvuke na yule mchokozi hupata habari yake. Ndiyo maana huwezi kuisikia harufu ya mchaichai vizuri mpaka ufikiche jani lake vidoleni. Kwa kifupi, ua huita na jani hufukuza. Tena ua lina msimu wake, lakini jani lipo Januari hadi Disemba, mradi mmea uwe hai.

Iko hata mimea isiyotoa ua hata moja maishani mwake lakini inanukia. Chukua kangaga, ule mmea wa kivulini wenye majani yaliyochanika mfano wa manyoya ya ndege, ambao tunauona kando ya vijito. Sisi tuliosoma Biolojia tunajua kwamba kangaga halitoi ua wala mbegu, huzaana kwa spora zilizoko chini ya majani. Basi huko mashariki mwa Marekani kuna kangaga ambalo majani yake hunukia kama nyasi iliyokatwa ikakauka, na Ulaya kuna lingine ambalo ukilisugua linatoa harufu ya ndimu. Watu wa huko huyapanda bustanini kwa makusudi, ili mpita njia akiyagusa kwa nguo yanukie. Wapo wenzetu waliopendekeza kwamba nasi tupande makangaga nyuma ya maktaba kwa sababu yanapendeza. Nakubali kwamba yanapendeza. Ila kangaga hupenda kivuli na unyevu wa kila siku, kama ule wa msitu wa Kakamega au wa Mlima Kenya. Nyuma ya maktaba kuna jua la kuchoma tangu saa nne hadi saa kumi. Tutakuwa tumejiongezea mitungi ya kubeba, basi. Hata hivyo, kangaga linatufundisha kwamba bustani ya majani matupu, isiyo na ua hata moja, inaweza kuwa bustani kamili.

Sasa nije kwenye faida, maana najua wapo watakaosema harufu haijazi tumbo. Hapa Kenya tuna kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kiitwacho ICIPE, kilichoanzishwa mwaka 1970 na mwanasayansi wetu Profesa Thomas Odhiambo. Katika miaka ya 1990, watafiti wa kituo hicho kule Mbita, kando ya Ziwa Victoria, wakishirikiana na wenzao wa Kenya na Uingereza, walibuni njia ya kuwazuia wadudu wanaotoboa mashina ya mahindi. Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, mmea ambao harufu ya majani yake huwachukiza nondo wanaotaga mayai juu ya mahindi. Pembeni mwa shamba hupandwa nyasi ya nepia, ambayo huwavutia nondo hao hao. Kwa hiyo mdudu anasukumwa kutoka ndani na kuvutwa kutoka nje, na mahindi yanabaki salama bila mkulima kununua dawa ya kunyunyiza. Desmodiamu ina faida nyingine pia. Mizizi yake hulizuia lile gugu baya la kiduha, na ng'ombe hula majani yake. Harufu ya majani imelinda ugali wa watu. Je, hilo nalo halijazi tumbo?

Mbali na mahindi, kuna mbu. Watu wa magharibi mwa Kenya wamekuwa wakichoma majani yanukiayo ndani ya nyumba jioni tangu zamani ili kuwafukuza mbu, na wengi wetu tulidhani hiyo ni imani tu ya wazee. Watafiti waliamua kupima. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya majaribio ambapo mimea hai iliwekwa katika vyungu kwenye vibanda vya majaribio, bila kuchomwa, kisha ikaangaliwa ni mbu wangapi wa malaria wanaorudi nyuma. Mrehani wa porini uliwapunguza kwa karibu asilimia 40. Sisemi mtu atupe chandarua, hasha! Asilimia 40 si 100, na mbu mmoja anatosha kukulaza kitandani. Chandarua kibaki pale pale na dawa ya hospitali ibaki pale pale. Lakini kama mmea ulioko dirishani unaweza kunipunguzia mbu karibu wanne katika kila kumi, tena ukinipa jani la kutia katika chai, sioni kwa nini mahali pake pakaliwe na ua ambalo halina msaada.

Tena kuna pesa. Karibu na msitu wa Kakamega hukua mrehani wenye harufu ya kafuri, ambao wenyeji huuita mwonyi. Wazee waliutumia kwa mafua na kifua. Zamani watu waliingia msituni kuuchuma. Baadaye kikundi cha wakulima cha Muliru, kwa msaada wa wanasayansi, kilianza kuulima mashambani, kuyakamua mafuta yake kwa mvuke na kutengeneza dawa ya kujipaka kama zile za vikopo tunazonunua dukani. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, inayotolewa kwa watu wanaohifadhi mazingira huku wakijiondoa katika umaskini. Hebu fikiria, jani ambalo sisi tungelifyeka kwa slasha siku ya adhabu limewafikisha wanakijiji mbele ya ulimwengu. Na msitu nao umepumzika, kwa sababu kilichokuwa kikitafutwa ndani sasa kinalimwa nje.

Wala si Kakamega peke yake. Pita Naivasha, Nakuru au Narok utakiona kichaka cha leleshwa chenye majani ya kijivujivu, kimejaa kila mahali. Jani lake lina harufu ya kafuri, na Wamaasai wamelitumia tangu jadi kwa kujinukiza, hata kulisugua kwapani. Kumbe vijana wa Kenya walikuwa na dawa ya kikwapa kabla vichupa vya dukani havijafika! Lakini leo leleshwa inajulikana zaidi kwa kukatwa ichomwe makaa.

Kuna sababu nyingine ambayo kwangu ni nzito kuliko zote. Katika darasa letu yupo mwenzetu ambaye macho yake hayaoni ila mwanga tu. Anakuja shuleni kila siku kama sisi, na huenda kutoka darasani hadi ofisini bila kushikwa mkono. Niliwahi kumuuliza anajuaje mahali pa kukata kona. Alinijibu kwamba kuna kichaka cha rosemari pale pembeni, na suruali yake ikikigusa anajua amefika. Kichaka chenyewe ni kimoja tu katika uwanja wote, na nadhani hakuna aliyekipanda kwa ajili yake. Basi najiuliza, vile vitalu vyote vya maua mekundu na ya manjano ni vya nani? Yeye pia hubeba maji Januari. Anamwagilia kitu ambacho hakitampa chochote. Kama bustani ni ya wanafunzi wote, ni lazima iwe na kitu cha wote, na pua hata gizani inafanya kazi.

Najua nitapingwa. Wa kwanza watasema ati hayo ni mambo ya kishamba, ati ukionekana na majani mkononi wewe ni mganga. Maneno haya nimeyasikia kwa masikio yangu, na yananisikitisha. Majani haya haya yakikaushwa Ulaya, yakatiwa katika pakiti yenye picha na yakarudi hapa kwa meli, tunayanunua kwa bei ghali na kuyaita chai ya kisasa. Jani limekuwa la kishamba lilipotoka kwa nyanya yako, na likawa la kistaarabu lilipotoka dukani. Usiache mbachao kwa msala upitao. Tusiyaite mambo yote ya wazee uchawi, kwa sababu wazee wakiondoka na ujuzi wao hautapatikana katika kitabu chochote cha mtihani.

Wa pili watasema kila kinachonukia si kizuri. Hapo wamesema kweli, nami nakubaliana nao. Lantana ina majani yenye harufu kali na huwafukuza mbu kwa kiasi, lakini ni mmea wa kigeni unaoenea na kuteka malisho, na majani yake yana sumu kwa ng'ombe. Mkaratusi nao unanukia vizuri, lakini hunywa maji mengi mno. Mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyopandwa karibu na chemchemi na mito ing'olewe. Kwa hiyo sisemi tupande chochote kinachonukia. Nasema tuchague kwa akili, na tumuulize mwalimu wa Kilimo kabla ya kuleta mche wowote. Wala mtu asimeze jani asilolijua eti kwa sababu limenukia.

Wa tatu, na hawa ni watani, watasema tunataka kupanda mirehani ili kuficha harufu ya vyoo. La! Choo kichafu hakitibiwi kwa mrehani, kinatibiwa kwa maji, ufagio na zamu inayofuatwa. Ukipanda manukato mbele ya uchafu unakuwa na vitu viwili, si kimoja.

Basi tupande nini? Mimi ningependekeza mimea mitano tu. Wa kwanza ni mchaichai. Huu hauhitaji hata pesa, unamwomba jirani shina moja lenye mizizi, unaligawa, na kila kipande kinakuwa kichaka kizima. Uachiwe nafasi ya kama hatua moja baina ya shina na shina, maana hupanuka, na kwenye mteremko utashika udongo usichukuliwe na mvua. Wa pili ni mrehani, unaopandwa kwa mbegu. Siri yake ni kukata vichwa vyake kabla havijatoa maua, la sivyo majani hupungua na mmea huzeeka upesi. Wa tatu ni rosemari. Kata kijiti cha urefu wa kidole, ondoa majani ya chini, chomeka katika udongo usiotuamisha maji. Ukishashika mizizi huvumilia kiangazi kuliko maua yote tuliyo nayo. Upandwe kandokando ya njia, mahali nguo zinapogusa. Wa nne ni mnanaa, lakini huu ni mlafi, hutambaa na kuteka kitalu kizima, kwa hiyo upandwe ndani ya debe kuukuu lililotobolewa chini, na uwekwe karibu na bomba la kunawia mikono ili unywe maji yanayomwagika bure. Wa tano ni mwonyi, ili tusisahau tulikotoka.

Kazi ianze na mvua za masika, Machi au Aprili, ili miche ishike kabla ya kiangazi. Majani yachumwe asubuhi umande ukishakauka na kabla jua halijawa kali, kisha yaanikwe kivulini. Ukiyaanika juani yale mafuta yote hupaa na unabaki na makapi. Mchaichai ukitosha, mpishi wetu ataweza kuutia katika chai ya saa nne, na nina hakika hata wale wanaocheka saa hii watapanga foleni. Na kila mmea uwekewe kibao chenye jina lake la Kiswahili na jina la lugha ya mama ya hapa kwetu. Kazi hiyo ya majina Chama chetu kiichukue. Kila mwanachama aende nyumbani amuulize nyanya au babu yake: jani hili mliliitaje, na mlilifanyia nini? Tukirudi na majina 20, tutakuwa tumefanya jambo ambalo kamusi haijafanya.

Maua yabaki langoni kwa ajili ya wageni, sina ugomvi nayo. Lakini kile kipande cha nyuma ya maktaba tuachiwe sisi tunaoketi hapa kila siku. Dirisha la maktaba linafunguka upande ule ule, na upepo wa mchana hutoka huko huko. Waheshimiwa viongozi wa Chama cha Mazingira, walimu wetu wapendwa na wanafunzi wenzangu, naomba kutoa hoja. Anayeipinga na aje, lakini kwanza akafikiche jani moja la mchaichai, halafu tuzungumze.